Pikapu inalala nyuma ikibeba saruji: niongeze jani la springi, nibadilishe zote, au mifuko ya hewa?

Mizigo_Likoni

Assalaam aleikum wenzangu. Gari ni Isuzu D-Max, singo kebini, ya kuvuta kwa tairi za nyuma tu. Kazi yake ni saruji, mabati na mara nyingine nondo, kutoka Shimanzi kwenda Likoni hadi Ukunda. Kwenda ina mzigo, kurudi ni tupu. Mzigo wa kawaida ni mifuko 18 ya kilo 50, yaani kilo 900.

Ikipakiwa, mgongo unashuka mpaka ekseli inagonga ile raba ya kikomo chini ya chasisi. Kila tuta ni kishindo, na taa zinamulika juu ya miti. Springi zina majani 4 kila upande. Lile jani nene lililonyooka ambalo nimeona chini kabisa kwenye pikapu nyingine, hapa halipo.

Fundi mmoja anasema tutie majani mawili ya lori la Canter kila upande. Mwingine anasema ninunue springi mpya kamili za mzigo mzito. Mwingine tena anataka mifuko ya hewa. Ipi inafaa kwa kazi hii, na nichunge nini?

---

Chuma_cha_Changamwe

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya kuchagua springi, jua uzito. Soma kibati cha kiwanda kwenye mlango au ndani ya boneti: kinaandika uzito wa juu wa gari zima na, kwenye magari mengi, wa kila ekseli. Kisha lipeleke kwenye mizani ya magari. Yadi nyingi za chuma chakavu na za mchanga zinayo. Lipime tupu na likiwa na mzigo, na kila mara upime mara mbili: gari zima, halafu magurudumu ya nyuma peke yake. Hiyo namba ya nyuma ndiyo unayoitaka.

Nasema hivi kwa sababu springi haiongezi uwezo wa gari. Inazuia mgongo usilale, basi. Ekseli, beringi, breki na tairi zinabaki zilezile. Angalia namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ikiwa ni 106/104, hiyo ya kwanza maana yake tairi moja hubeba kilo 950 ikiwa na upepo kamili, kwa hiyo mbili za nyuma ni kilo 1,900. Namba 102 ni kilo 850, na 110 ni kilo 1,060. Mizani ikisoma kilo 650 nyuma gari likiwa tupu, ukiongeza 900 unafika 1,550, na hapo tairi za 106 zinatosha. Tairi za gari dogo zisizo na herufi C baada ya kipimo usizitegemee kwa kazi hii.

Sasa fanya kipimo kimoja kisicho na gharama. Egesha mahali tambarare, pima nafasi kati ya raba ya kikomo na ekseli likiwa tupu, kila upande. Pakia mifuko 10 juu ya ekseli kabisa, si mbele wala nyuma yake, upime tena. Pima pia upana na unene wa jani kwa kalipa. Ulete namba hapa, tutapiga hesabu badala ya kukisia.

---

Fundi_wa_Jomvu

Majani ya Canter kwenye pikapu ni kosa ambalo linajirudia mji mzima, naomba nilieleze vizuri.

La kwanza ni upana. Jani la lori mara nyingi ni pana kuliko la pikapu. Likiwa la milimita 70 na springi yako ni ya 60, haliingii kati ya yu-bolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), kwa hiyo fundi analipunguza kwa grainda. Ukingo uliokatwa kwa grainda una mikwaruzo na umeungua, na hapo ndipo ufa unapoanza. Jani linavunjika miezi michache baadaye, kwa kawaida karibu na tundu la senta bolti, ile inayopita katikati ya majani yote.

La pili ni unene, na watu wengi hawajui unavyofanya kazi. Ugumu wa jani hupanda kwa unene mara tatu: unene mara unene mara unene. Jani la milimita 7 ni gumu kuliko la 6 kwa asilimia 59 hivi. La milimita 8 ni zaidi ya mara mbili ya la 6. La milimita 10 ni mara 4.6. Ukitia majani mawili ya milimita 10 kwenye springi ya majani manne ya 6, umeifanya iwe ngumu zaidi ya mara tatu. Gari tupu litarukaruka barabarani na tairi za nyuma zitapoteza mshiko kwenye kona yenye maji. Mshtuko ambao springi ingeumeza unaingia kwenye chasisi na kwenye mabano ya sheko, kile kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi.

La tatu, urefu na tao (mpindo wa jani) havilingani na vya springi yako. Majani yanagusana nchani tu au katikati tu, na jani moja linabeba mzigo wa yote.

Ukiona fundi anapasha jani moto kwa gesi ili alikunje, au anachomelea kipande juu yake, ondoa gari lako hapo. Chuma cha springi kimeimarishwa kwa joto maalumu kiwandani. Ukikipasha ovyo kinalainika sehemu moja na kuwa kama kioo sehemu ya pili.

---

Mizigo_Likoni

Shukran sana. Nimepima. Likiwa tupu nafasi ni milimita 110 pande zote mbili. Kwa mifuko 10 juu ya ekseli inabaki 50. Majani ni ya upana wa milimita 60, unene 6, yote manne. Tairi ni 106/104, na kilo 900 ziko ndani ya kile kibati kinachoruhusu. Springi ziko juu ya ekseli.

---

Chuma_cha_Changamwe

Namba nzuri hizo. Kilo 500 zimeshusha mgongo milimita 60. Kila springi imebeba kilo 250, kwa hiyo ugumu wake ni kama kilo 4.2 kwa kila milimita. Ukipakia 900, kila upande unabeba 450, na springi itashuka milimita 108. Nafasi ulikuwa nayo 110. Umebakisha milimita 2, ndiyo maana kila tuta linagonga raba.

Ukiongeza jani moja la milimita 7, la upana uleule wa 60, ugumu unapanda kwa asilimia 40 hivi na kufika kilo 5.8 kwa milimita. Kwa mzigo uleule springi itashuka 77 au 78. Jani jipya lenye tao kubwa kidogo kuliko la juu yake litainua mgongo pia. Tuseme limeinua milimita 20: nafasi ya tupu ni 130, na ukipakia inabaki zaidi ya 50. Hapo gari lina pumzi ya kumeza mashimo. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini haiko mbali na kweli.

Njia ya pili ni kurudisha lile jani nene lililonyooka chini kabisa. Likiwa tupu haligusi kitu, gari linabaki laini. Springi ikishuka kiasi fulani, linashika. Ni njia nzuri kwa mzigo unaobadilika sana. Ubaya wake, linashika kwa ghafla, na kwa kuwa ni nene na fupi, ugumu unaruka zaidi ya mara mbili kwa mpigo. Kwa mtu wa kilo 900 kila siku, napendelea jani moja la milimita 7 lenye tao.

Kuhusu springi mpya kamili: kagua za sasa kwanza. Kama majani yana ufa, kutu imeyala mpaka unene ni 5 badala ya 6, au upande mmoja umelala kuliko mwingine, usiongeze jani jipya juu ya uzee. Nunua seti nzima, zote mbili, zilizotengenezwa kwa gari lako na zilizoandikwa mzigo wa kudumu unaokaribiana na wako. Ukinunua za mzigo wa kudumu mkubwa kuliko wako, safari ya kurudi tupu itakuwa mateso kwa dereva na kwa bodi. Zako ziko 110 pande zote mbili, hazijalala upande mmoja, kwa hiyo nina matumaini nazo.

Kazi yenyewe sasa. Fanya upande mmoja kwanza, umalize, ndipo uende wa pili, ili ekseli isipoteze mahali pake.

Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo. Legeza nati za gurudumu, inua kwa jeki chini ya difu (lile bonge katikati ya ekseli ya nyuma), weka stendi imara chini ya chasisi mbele ya bano la mbele la springi. Jeki ibaki chini ya ekseli ili uipandishe na kuishusha upendavyo. Fungua shokomzoba upande wa chini. Chunga paipu ya breki na kebo ya hendibreki zisivutwe ekseli ikishuka.

Fungua nati za yu-bolti, shusha ekseli sentimita chache, kisha fungua bolti ya mbele na ya sheko, toa springi. Kabla ya kugusa senta bolti, funga springi kwa klampu mbili kubwa, moja kila upande wa katikati. Majani yamebanwa kwa nguvu nyingi. Ukifungua senta bolti bila klampu yanaruka na kuvunja mkono. Likishafunguka, legeza klampu polepole kwa zamu.

Piga brashi ya waya kila jani. Mwanga mkali, tafuta ufa kuzunguka tundu la katikati na kwenye mviringo wa jicho, ile ncha iliyoviringwa inayopitisha bolti. Jani lenye ufa halina dawa, ni kubadilisha. Jani jipya liingie kwa mpangilio wa urefu, mara nyingi chini ya la tatu, na ncha zake ziwe zimeviringwa zisichimbe jani la juu. Paka grisi nyembamba yenye grafaiti kati ya majani, lakini kama nchani kuna vipande vya plastiki au mpira, hapo usipake.

Senta bolti mpya, ndefu zaidi kwa milimita 7. Yu-bolti mpya pia, ndefu kwa kiasi hicho hicho. Za zamani zimeshavutika zilipokazwa mara ya kwanza, hazishiki tena sawasawa. Nunua zenye alama ya nguvu 8.8 au zaidi. Zile zinazokunjwa kwa nondo kando ya barabara zinavutika, na yu-bolti ikilegea senta bolti ndiyo inayokatika. Ikikatika, ekseli inasogea na gari linatembea upande kama kaa.

Unaporudisha, kichwa cha senta bolti lazima kikae ndani ya tundu la kitako cha ekseli. Kaza yu-bolti kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa pikapu za aina hii huwa kati ya Nm 100 na 150. Kitabu cha gari lako kina namba yake, fuata hiyo. Bolti za macho na za sheko zishike tu kwa sasa. Shusha gari likae kwa uzito wake, likanyage, ndipo uzikaze kabisa. Ukizikaza gari likiwa hewani, bushi za mpira zinabaki zimesokotwa muda wote na zinapasuka mapema sana. Hili linapuuzwa kuliko yote.

Mwisho pima kutoka katikati ya bolti ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Zilingane. Kaza yu-bolti tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500.

---

Bi_Kisauni

Ndugu Chuma amesema vizuri, lakini breki hazijaguswa, na mimi naziona ndizo kubwa.

Magari mengi ya aina hii yana valvu ya breki chini ya chasisi karibu na ekseli, yenye fimbo au springi ndogo iliyounganishwa na ekseli. Mgongo ukishuka, fimbo inaiambia valvu kuwa kuna mzigo, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiinua mgongo milimita 20 na kuifanya springi ngumu, valvu inadhani mzigo ni mdogo kuliko ulivyo hata gari likiwa na mifuko 18. Breki za nyuma zinapewa nguvu pungufu, za mbele zinaungua, na gari linachelewa kusimama. Ile fimbo ina bano lenye mwanya au nati ya kurekebishia. Isogezwe kufuata mgongo ulivyopanda, na marekebisho ya mwisho yafanywe na fundi mwenye geji ya breki na kitabu cha gari. Kuifunga kwa waya iwe juu muda wote ni hatari: gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanakwama ukikanyaga breki kwenye lami yenye mvua. Kama gari lako halina fimbo hiyo, huenda kugawa breki kunafanywa na kompyuta; hakikisha na fundi kabla ya kuendelea.

La pili, mahali pa kuweka mzigo. Tuseme kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3, na uzito wa kilo 900 umekaa sentimita 30 nyuma ya ekseli. Ekseli ya nyuma haibebi 900, inabeba 990, na ya mbele inanyanyuliwa kilo 90. Usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele zinapoteza mshiko wakati unazihitaji. Panga mifuko kuanzia ukuta wa kebini kurudi nyuma. Nondo zinazoning'inia nje ya bodi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu uzito wake uko mbali na ekseli.

Nawe unavuka feri. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ile ngazi inakuwa na mteremko mkali, na ukiipanda kutoka kwenye feri uzito zaidi unahamia nyuma. Pikapu iliyolala inakwaruza bampa au ndoano ya kuvutia pale inapoanza kupanda. Siku za nondo ndefu ni afadhali kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita feri.

---

Mizigo_Likoni

Ahsante Bi Kisauni. Fimbo ipo, nimeiona. Na mifuko ya hewa je? Yule fundi anasema inamaliza kila kitu bila kufungua springi.

---

Fundi_wa_Jomvu

Ina kazi yake, lakini fahamu inavyobeba. Springi ya majani inasukuma chasisi mahali pawili, jicho la mbele na sheko ya nyuma, zaidi ya mita moja kati yake. Mfuko wa hewa unasukuma mahali pamoja tu, juu ya ekseli. Ukiujaza upepo mwingi ili mgongo usimame wima, na mzigo uko nyuma ya ekseli, chasisi inakunjwa juu ya mfuko ule. Dabo kebini ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa bodi yake imekaa nyuma sana. Nafasi kati ya kebini na bodi ikianza kupanuka juu, chasisi imeshapinda.

Ukiiweka, iwe ya kusaidia springi iliyo nzima, si ya kuficha iliyochoka. Usiendeshe bila upepo kabisa. Mifuko mingi inataka angalau PSI 5 hata gari likiwa tupu, la sivyo mpira unajikunja na kujitafuna. Kila upande uwe na paipu yake na valvu yake. Ukiziunganisha kwa paipu moja, kwenye kona upepo unakimbilia upande usio na uzito na gari linalala zaidi.

Kwa mzigo wako usiobadilika, jani ni rahisi, na halivuji.

---

Mwana_wa_Tudor

Nyongeza kuhusu kutu, maana hapa kwetu chumvi haina likizo. Anayebeba samaki kwa barafu, maji ya chumvi yanatiririka moja kwa moja juu ya springi na mabano yake. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, hasa kati ya majani na ndani ya mabano ya sheko. Mchanga ukikaa kati ya majani unayala kama tupa. Na tafadhali msimwage oili chafu ya injini juu ya springi kama wengi wanavyofanya: inavimbisha bushi za mpira na kukusanya vumbi.

Kabla ya kuweka springi ngumu, mgonge bano la sheko kwa nyundo ndogo. Likitoa mlio mzito au magamba ya kutu yakaanguka, tengeneza bano kwanza.

---

Mizigo_Likoni

Nimeelewa: jani moja la milimita 7, yu-bolti na senta bolti mpya, kisha fimbo ya breki. Shokomzoba nizibadilishe pia? Hazivuji.

---

Chuma_cha_Changamwe

Shokomzoba hazibebi mzigo, zinatuliza springi isiendelee kucheza. Springi ikiwa ngumu zaidi inarudi juu kwa nguvu zaidi, na shokomzoba iliyochoka haiwezi kuizuia. Bonyeza kona ya nyuma gari likiwa na mzigo, uachie. Likipanda mara moja na kutulia, bado nzima. Likicheza mara mbili tatu, badilisha zote mbili pamoja. Ukizibadilisha, hakikisha ni ndefu vya kutosha kwa mgongo uliopanda, zisifike mwisho ekseli inaponing'inia.

Ukisikia mtetemo wakati wa kuondoka, angalia senta beringi ya propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Mgongo ukibadilika kimo, pembe ya shafti inabadilika nayo. Taa zirekebishe baada ya kazi yote kwisha, gari likiwa na mzigo wa kawaida. Na upepo wa tairi: ukirudi tupu punguza kufuata kibati cha mlango, ukipakia rudisha.

Jani la milimita 7 likikosekana madukani, chukua la 6 lenye tao badala ya la 8. Ugumu utapanda robo tu na mgongo utashuka kama milimita 86, lakini kwa tao la milimita 20 bado utabaki na zaidi ya 40 kabla ya kugusa raba.